Barua za Vyuma: Shaba Inayogoma, Bati Lisilo Maua na Mikwaruzo Iliyonidanganya

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa mafundi, na moja ya mwanafunzi imenikalisha mezani hadi saa tano usiku. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nimekulia katika karakana ya baba yangu, Mji wa Kale, Mombasa, alikokuwa akifua na kuziba madele ya wauza kahawa. Baadaye nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya kupima vyuma Dar es Salaam. Kazi yenyewe ilikuwa kukata, kusugua, kupaka asidi na kuchungulia kwenye hadubini. Sasa nimestaafu, lakini mkono haujasahau msasa.

*

*Shikamoo Mama. Mimi ni fundi friji, Temeke. Bomba jipya la shaba nalikunja kwa mikono bila taabu. Nikikosea nikalinyoosha ili nilikunje upya, linakuwa gumu, na mara ya tatu linapasuka. Mwenzangu anasema shaba imechoka. Mwingine anasema siku hizi shaba ni feki. Nani mkweli?*

Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekosa. Shaba yako si feki, wala haijachoka. Imejaa.

Ndani ya bomba hilo atomu zimejipanga safu kwa safu, kama watu kwenye swala ya Ijumaa. Mpangilio huo ndio tunaouita fuwele. Zamani watu walidhani shaba ikikunjwa, safu nzima inateleza juu ya nyingine kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1926 Mrusi Yakov Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kufanya hivyo, ikatoka kubwa kuliko ile inayohitajika kweli kwa maelfu ya mara. Kwa hesabu ile, hilo bomba usingelikunja hata ungekuwa na mikono ya kuli wa bandarini.

Ilipofika 1934 watu watatu, kila mmoja kivyake, wakatoa jibu linalofanana: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Safu haiendi yote kwa pamoja. Kuna mahali ambapo safu moja imejipenyeza katikati ya wenzake ikakatika njiani, kama safu ya waumini iliyoishia kwenye nguzo. Hapo inapoishia, majirani wa upande mmoja wamebanana na wa upande wa pili wameachana. Kasoro hiyo inaitwa dislokesheni. Kwa kuwa mpangilio tayari umelegea pale, nguvu ndogo tu inaisogeza hatua moja, halafu nyingine, hadi inatokea nje. Mtazame jongoo. Hanyanyui miguu yote kwa pamoja. Wimbi linapita mguu hadi mguu, na ukigeuka utamkuta keshavuka njia.

Kwa hiyo bomba linakunjika kwa sababu lina kasoro. Lakini kila unapolikunja, kasoro zinazaana, na zikizidi zinazuiana njia kama mikokoteni kwenye kichochoro cha Kariakoo saa nne asubuhi. Chukua kipande cha shaba laini cha ukubwa wa sentimita moja ya ujazo, kama dadu kubwa hivi. Ukiziunganisha dislokesheni zake zote kuwa uzi mmoja, utapata uzi wa kilomita 10 hadi 1,000. Kipande hichohicho ukikigonga nyundo hadi kikakakamaa, uzi unafika kilomita milioni kadhaa. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, kwa hiyo uzi huo unaweza kwenda na kurudi mara kadhaa, na wote umo ndani ya dadu.

Huhitaji hadubini kulithibitisha hilo. Kata waya wa kufungia nondo, ukunje mara moja, kisha ujaribu kuunyoosha. Pale ulipoukunja hapanyooki. Waya unakunjika pembeni yake na kuacha kibyongo. Kile kibyongo ndipo kasoro zilipojazana.

Baba yangu hakuwahi kulisikia neno dislokesheni maishani mwake, ila alikuwa na masikio. Nyundo ikigonga shaba laini inatoa mlio mzito, uliofifia. Shaba ikijaa, mlio unakuwa mwembamba na wa juu, na nyundo inamrudia mkononi. Akiusikia mlio ule anasimama, hata kama sentensi aliyokuwa akisema haijaisha, analipeleka dele motoni. Alilipasha kwenye kona yenye giza ili auone vizuri wekundu wa kwanza, ule uliofifia, kisha akalitumbukiza kwenye maji. (Chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha, kikiiva wekundu hasa kisha ukakitumbukiza majini, kinakuwa kigumu zaidi. Shaba haijali; maji ni ya kuharakisha kazi na kubambua magamba meusi tu.) Halafu ukwaju na chumvi, na dele linang'aa upya. Moto ulifanya nini? Uliamsha fuwele mpya, safi, zikaanza kuota ndani ya zile kongwe zilizojaa kasoro, zikazila zote.

Nawe fanya hivyo. Ukikosea mkunjo, usiunyooshe kwa nguvu. Hakikisha kwanza bomba halina gesi wala mafuta ndani, lipashe mahali pale hadi uone ule wekundu wa kwanza uliofifia, liache lipoe, ndipo ulikunje. Na kabla ya kupanua mdomo wa bomba gumu ili ufunge nati, lainisha ncha yake kwa moto, utapunguza midomo inayopasuka. Lakini ufa ukishatokea, huo si dislokesheni tena, na moto hauuponyi. Kata kipande hicho.

*

*Mama, mabati ya zamani ya nyumbani kwetu yana maua-maua yanayong'aa. Niliyonunua juzi ni meupe matupu. Nimepigwa? Mjenzi wa kibanda, Muheza.*

Si lazima. Kila ua unaloliona ni fuwele moja ya zinki, iliyoganda juu ya bati lilipotoka kwenye beseni la zinki iliyoyeyuka. Ua moja linang'aa na jirani yake limefifia kwa sababu kila fuwele imeelekea upande wake, na mstari kati ya ua na ua ni mpaka ambapo safu za huyu hazikutani sawasawa na safu za yule. Mpaka huo nao ni kasoro ya fuwele, na wewe umeitazama tangu utotoni ukiwa umelala chali kibarazani. Maua makubwa yalitokana hasa na risasi kidogo iliyokuwamo kwenye zinki. Viwanda vingi siku hizi vimeipunguza au kuiondoa, kwa hiyo fuwele zinakuwa ndogo mno kwa jicho. Cha kuulizia ni geji ya bati na uzito wa zinki iliyopakwa. Na kumbuka geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Namba inadanganya wengi.

*

*Shikamoo Mama. Nasoma uhandisi, mwaka wa tatu, Nairobi. Tulipewa kipande cha shaba ya njano, tukakisugua, tukakipaka asidi, tukaona mistari ya kila namna. Tukaambiwa tuonyeshe dislokesheni. Kila mtu alionyesha mstari wake na wote tukapata sifuri. Mtu anazitambuaje? Na anajuaje kama ni ya ukingo au ya skrubu?*

Marahaba, na poleni na sifuri, ingawa kwangu swali lenyewe lilikuwa na mtego. Kwa hadubini ya mwanga hakuna aliyewahi kuona dislokesheni yenyewe. Hatua moja ya dislokesheni katika shaba ni nanomita 0.256, ilhali wimbi la mwanga tunaouona ni nanomita 400 hadi 700. Mlichoona ni nyayo zake, zikiwa zimechanganyika na nyayo za wengine, na kazi ya mtu wa maabara ni kuzitenganisha.

Nitakusimulia aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa koki ya shaba ya njano iliyovunjika shingo. Nikaikata, nikasugua, nikatazama, nikaona mistari sambamba, mizuri, imenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Nikaandika ukurasa mzima: metali ilizidiwa nguvu, tazama mistari ya mtelezo. Mkuu wangu, mzee aliyekuwa na tabia ya kuvaa miwani miwili kwa pamoja, alichungulia kidogo tu. "Binti," akasema, "mistari hii imevuka mipaka mitatu bila kubisha hodi." Ilikuwa mikwaruzo ya msasa namba 600.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mkwaruzo haujui fuwele. Unapita moja kwa moja kutoka chembe moja, yaani fuwele moja kati ya nyingi zilizounda metali, hadi nyingine. Mstari wa mtelezo, ambao ni ngazi ndogo inayobaki usoni mwa metali dislokesheni nyingi zikishatokea nje kwa njia moja, unafuata safu za chembe yake. Ukifika mpakani unakoma au unabadili mwelekeo, maana jirani ana safu zake. Pacha naye anaheshimu mpaka, lakini yeye ni mkanda wenye kingo mbili zilizonyooka na rangi tofauti na pande zake, kwa sababu ndani ya mkanda ule safu zimegeuka kama sura kwenye kioo. Shaba ya njano iliyolainishwa kwa moto imejaa mapacha, na nina hakika nusu ya darasa lenu ilionyesha pacha.

Ukibaki na shaka, sugua tena hadi ing'ae kabisa, utazame kabla ya kupaka asidi na baada yake. Mistari ya mtelezo inafutika isirudi, kwa kuwa ilikuwa ngazi za juujuu tu. Mapacha na mipaka ya chembe yanarudi palepale, kwa kuwa yamezama ndani na asidi inakula kila upande kwa kasi yake. Mikwaruzo inarudi tu ikiwa hukusugua vya kutosha, na hapo usiilaumu asidi. Jaribio hili ni la robo saa, nami nimeona watu wenye shahada tatu wakiliruka.

Kuna njia moja ya kukaribia dislokesheni moja moja kwa hadubini ya kawaida: vishimo vya asidi. Pale uzi wa dislokesheni unapotokea juu, atomu zimekaa vibaya, na asidi iliyochaguliwa vizuri inaanza kula hapo. Kinabaki kishimo chenye umbo la fuwele, pembetatu au mraba, kutegemea uso uliokatwa. Ndani ya chembe moja vishimo vyote vinaelekea upande mmoja. Matundu ya uchafu uliong'oka yana duara ovyo-ovyo, hayana mwelekeo. Sugua kidogo, upake tena: kishimo cha dislokesheni kinarudi karibu na pale pale kwa sababu uzi unaendelea chini, tundu la uchafu halirudi. Vihesabu katika eneo unalolijua na una msongamano. Njia hii inafaa kwa fuwele zenye kasoro chache. Kwenye shaba iliyogongwa nyundo vishimo vitaungana kuwa tope.

Kuuona uzi wenyewe ni kazi ya hadubini ya elektroni. Mwaka 1956, kule Cambridge, Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan walitazama alumini iliyofanywa nyembamba mno, wakaona nyuzi nyeusi, na nyuzi zikawa zinatembea. Mwaka huohuo Walter Bollmann, Geneva, alizionyesha katika chuma kisichoshika kutu. Fikiria: ilipita miaka 22 watu wakiamini kitu kwa hesabu na kwa nyayo zake tu, kisha siku moja kinapita mbele ya macho yao. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza katika ziara ya mafunzo, na nakiri nilimwomba mwenye mashine anipishe kiti nitazame tena.

Sasa la ukingo na skrubu. Uliwahi kufika kwenye shamba la mkonge la Tanga? Miche imepandwa mistari iliyonyooka hadi upeo wa macho. Anza kwenye mche mmoja, hesabu miche 10 kwenda kulia, 10 kwenda mbele, 10 kushoto, 10 kurudi. Shamba likiwa sawa utajikuta kwenye mche ulioanzia. Ukijikuta umepitiliza mche mmoja au umepungukiwa mmoja, basi ndani ya mzunguko wako kuna mstari ulioanzia katikati ya shamba. Hukuuona, lakini umeushika. Ile hatua ya kukurudisha ulipoanzia, urefu wake na upande wake, inaitwa vekta ya Burgers, kwa jina la Mholanzi Jan Burgers aliyeieleza mwaka 1939. Hatua hiyo ikiwa imekaa kiwimawima na uzi wa dislokesheni, ni ya ukingo: ndiyo ile safu iliyokatika. Ikiwa sambamba na uzi, ni ya skrubu, na mfano wake ni ngazi za mzunguko ndani ya mnara wa msikiti: unazunguka nguzo mara moja, unadhani umerudi ulipokuwa, kumbe umepanda juu. Nyingi zimechanganya zote mbili, kwa sababu uzi unapinda huku hatua yake ikibaki ileile.

Kwenye hadubini ya elektroni hatuhesabu miche. Tunainamisha kipande. Weusi unaouona si dislokesheni. Ni safu zilizopinda kuizunguka zikirusha elektroni pembeni. Kipande ukikiinamisha hadi kundi moja tu la safu ndilo linalorusha, na hatua ya dislokesheni iko ndani ya safu hizohizo, basi safu hizo hazikupinda, na uzi unatoweka machoni (ule wa ukingo unaweza kuacha kivuli hafifu, usikutie wasiwasi). Tafuta makundi mawili ya safu ambayo kwayo uzi unatoweka. Mstari ambapo makundi hayo yanakatana ndio mwelekeo wa hatua. Ulinganishe na mwelekeo wa uzi na una jibu lako. Ndiyo, kutambua kitu kwa kukipoteza. Mara ya kwanza nami nilidhani natiwa kiini macho.

Na la mwisho, ambalo litakuokoa kwenye mtihani: uzi wa dislokesheni hauishii hewani ndani ya fuwele. Unafika usoni mwa kipande, au mpakani, au unaungana na mwenzake, au unajifunga kuwa kitanzi. Mkiona kwenye picha uzi uliokatika ghafla, ujue hapo umegusa uso wa juu au wa chini wa kipande. Anayesema umeishia ndani, mwombe achore safu zinazouzunguka, na mngoje.

*

*Nina kipande cha bati halisi, lile la kulehemia, la marehemu babu. Nikikipinda kinalia kama kinaumia. Kuna nini ndani? Fundi redio, Bujumbura.*

Mapacha, rafiki yangu. Fuwele za bati hazina njia nyingi rahisi za kutelezea, kwa hiyo ukizipinda sehemu ya fuwele inajigeuza ghafla kuwa pacha wa upande wa pili, na kila mgeuko unatoa mlio. Ni kasoro chache sana za fuwele zinazotambulika kwa sikio, na hii ni mojawapo. Kikiwa na risasi nyingi ndani hakilii hivyo, basi babu alikuachia kitu kisafi. Usikipindepinde kuwaonyesha wageni.

*

*Mama, nafundisha fizikia kidato cha tatu, Kigoma. Shule haina hadubini yenye maana. Nitawaonyeshaje wanafunzi kasoro hizi?*

Kwa povu, Mwalimu. Mwaka 1947 Lawrence Bragg na John Nye walionyesha kwamba mapovu madogo ya sabuni yenye ukubwa sawa, yakielea juu ya maji, yanajipanga kama atomu kwenye metali. Nimelifanya mara nyingi kwa wajukuu. Chukua sinia pana, maji, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na gliserini kidogo ya dukani ili mapovu yasipasuke haraka. Tumia sindano ya bomba la sindano la hospitali, mpya, iliyokatwa ncha, uiunganishe kwa mpira na pampu ndogo ya tangi la samaki. Izamishe sindano kina kilekile bila kuitikisa, na upepo uwe wa polepole na usiobadilika, upate mapovu ya milimita moja au mbili. Ukitikisa mkono mapovu yanatofautiana na kila kitu kinaharibika. Huo ndio ugumu pekee.

Utaona vitongoji vya mapovu, kila kimoja kikiwa na mwelekeo wake, na mipaka katikati. Pasua povu moja kwa sindano yenye joto: umepata nafasi tupu, kasoro ya atomu moja iliyokosekana. (Shaba ikikaribia kuyeyuka, nafasi moja hivi katika kila 10,000 ni tupu.) Povu kubwa moja likiingia kati ya wadogo, umepata atomu mgeni. Kuitafuta dislokesheni usitazame kwa juu. Inama hadi jicho likaribie usawa wa maji, utazame kwa kufuata safu, na safu iliyokatika itajitokeza yenyewe. Kisha mwanafunzi mmoja asukume mapovu kidogo kwa vipande viwili vya kioo kutoka pande mbili. Dislokesheni itakimbia. Waambie wasipumulie sinia, na paka chini yake rangi nyeusi kabla ya kumwaga maji, mapovu yaonekane hadi dawati la nyuma.